Supu ya Kipupwe: Sufuria ya Familia katika Nyanda za Baridi

Kipupwe ni majira ya baridi ambayo katika Afrika Mashariki huanza mwezi wa Juni na kuendelea hadi Agosti, wakati pepo za kusi zinapovuma, lakini jina hilo moja hubeba hali mbili zisizofanana. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa ni miezi ya afueni, ambapo feni huzimwa usiku na mtu akijifunika shuka huona amebanwa na baridi. Kwa wakazi wa Njombe, Makete, Mbeya na Lushoto, na kwa upande wa Kenya wale wa Limuru na Kinangop, ni miezi ya masweta tangu alfajiri na ya ukungu unaong'ang'ania mashambani hadi saa tatu au saa nne, na katika uwanda wa Kitulo, ulio mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, nyasi huweza kuamka zimefunikwa na sakitu, yaani umande ulioganda. Ni katika nyumba za nyanda hizo za juu ambamo supu nzito ya familia huonyesha thamani yake, kwa kuwa sufuria moja hulisha watu wengi kwa nyama kidogo, hupasha miili joto, na moto wake huwakusanya jikoni watoto ambao siku nyingine wangetawanyika.

Inafaa kwanza neno lenyewe liwekwe sawa. Mchuzi ni majimaji yaliyoungwa, yaani yaliyotiwa vitunguu na nyanya zilizokaangwa kwa mafuta, na kazi yake ni kuteremshia ugali au wali; supu, neno la kukopwa ambalo sasa halina ugeni wowote, kwa kawaida ni maji ya nyama au mifupa yaliyochemshwa chukuchuku, bila kukaangiwa chochote, nayo hunywewa yenyewe kwa bakuli. Mpaka huo hauko imara sana, kwa sababu mtori wa Wachagga, utakaoelezwa mbele, huweza kuungwa na bado ukahesabiwa kuwa supu, lakini kitenzi hakiyumbi: mchuzi ni wa kulia chakula, supu ni ya kunywa, hata inapokuwa nzito kiasi cha kuhitaji kijiko.

Jambo la kusikitisha kidogo ni kwamba katika miji mingi supu imehama nyumbani. Imekuwa kitu cha kibandani na cha asubuhi, ikiandamana na chapati mbili, kipande cha ndimu na pilipili ya kusaga, na wanywaji wake wengi ni wanaume wanaokwenda kazini au wanaotafuta kuondoa uchovu wa ulevi wa jana. Hakuna ubaya katika hilo, na wapishi wa vibanda hivyo ni mafundi wasiosifiwa vya kutosha; ila matokeo yake ni kwamba watoto na wazee, ambao ndio wanaoihitaji supu zaidi wakati wa baridi, huisikia harufu yake barabarani tu. Kuirudisha nyumbani hakuhitaji fedha nyingi. Kunahitaji saa nyingi na moto mdogo, na katika nyanda za juu saa hizo huongezeka kwa sababu ambayo si uvivu wa mpishi.

Kadiri mahali panavyoinuka kutoka usawa wa bahari, ndivyo kanieneo ya hewa, yaani nguvu ya hewa inayokandamiza uso wa maji, inavyopungua, na maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Kwa makadirio ya kawaida, kila mita 300 za mwinuko hupunguza nyuzi 1 hivi ya Selsiasi. Maji yanayochemka kwenye nyuzi 100 Dar es Salaam huchemka kwenye nyuzi 93 hivi katika mji wa Njombe, unaokaribia mita 2,000, na katika uwanda wa Kitulo hata hizo 93 hayafiki. Kuongeza kuni hakusaidii, maana maji yakishachemka hayapandi joto tena, hupungua tu kwa kugeuka mvuke. Ndiyo maana mpishi aliyehamia kutoka pwani hulalamika kwamba maharage ya huku ni magumu na nyama ya huku ni ya ng'ombe wazee, ilhali kosa si la maharage wala la ng'ombe: kinachotakiwa ni kuongeza muda, au kutumia sufuria ya presha, ambayo hufungia mvuke ndani na hivyo kuinua joto la kuchemka kupita nyuzi 110.

Muda huo mrefu una kazi yake hasa ndani ya mifupa na kano. Sehemu za mnyama zinazofanya kazi ngumu, kama miguu, shingo, mkia na kichwa, zimejaa kolajeni, protini ya nyuzinyuzi inayoshikilia ngozi, kano na gegedu, na ambayo ikitafunwa kabla haijaiva ni sawa na kutafuna kamba. Ikikaa katika maji ya moto kwa saa kadhaa hufumuka na kugeuka jelatini, kitu kile kile kinachoifanya supu iliyopoa igande na kutikisika, na kinachoipa supu ya moto ule utelezi unaonata midomoni. Mnofu wa ghali hauna kolajeni ya kutosha, hivyo ukichemshwa saa tatu hukauka kama gome na kuacha maji mepesi. Mtu anayenunua steki kwa ajili ya supu hulipa zaidi apate kidogo. Buchani, supu ya kipupwe hununuliwa katika zile sehemu ambazo mwenye haraka huziacha.

Kinara wa sehemu hizo ni makongoro, yaani miguu ya ng'ombe kuanzia goti hadi kwato. Kongoro hubabuliwa kwanza, yaani hupitishwa juu ya ndimi za moto hadi manyoya yaungue, kisha hukwanguliwa kwa kisu mpaka ngozi ibaki na rangi ya kahawia isiyo na masizi, kwato hung'olewa, na mguu hukatwa kwenye maungio, kwa sababu mfupa uliopondwa kwa shoka hutoa vipande vidogo vinavyoweza kumkwama mtoto kooni. Vipande huoshwa kwa maji ya uvuguvugu, hupangwa katika sufuria pana, na kufunikwa kwa maji baridi yanayopita juu yake kwa upana wa kiganja. Maji baridi yana sababu: yanapopata moto polepole, protini nyepesi za nyama huganda taratibu na kupanda juu kama povu la kijivu ambalo mpishi huliengua kwa upawa, na supu hubaki safi; lakini nyama ikitupwa katika maji yanayotokota, povu hilo huvunjikavunjika na kuchanganyika na supu yote.

Baada ya povu kwisha moto hupunguzwa hadi uso wa maji uwe unatetemeka tu, huku kipovu kimoja kimoja kikipanda pembeni. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa kudhani kwamba supu inayofoka ndiyo inayoiva haraka, kumbe kufoka huyapiga mafuta na kuyachanganya na maji hadi supu ipauke na kuwa na ladha ya mafuta mazito. Kongoro juu ya moto huo wa kutetemeka huhitaji saa nne hadi sita, pengine zaidi kidogo Makete, na dalili ya kuiva ni ngozi kuachana na mfupa yenyewe inapoguswa na mwiko. Tangawizi iliyopondwa, kitunguu saumu na pilipili manga huingia katika saa ya mwisho ili harufu yake isipotelee hewani, na chumvi huja mwisho kabisa, kwa kuwa supu iliyotiwa chumvi sawasawa ikiwa lita tano huwa chungu ikishapungua na kubaki lita tatu. Ndimu haipikwi. Hukamuliwa bakulini, na ukali wake hukata mafuta hata anayedai kwamba hapendi makongoro akajikuta anaomba tena.

Kuhusu makongoro kuna imani iliyoenea kwamba hurudisha uteute wa magoti, na wazee wengi huyanywa kama dawa. Ukweli ni mpole zaidi, kwa maana jelatini ikifika tumboni humeng'enywa na kuwa asidi amino, yaani matofali madogo ambayo mwili hujengea protini zake, na mwili huyapeleka matofali hayo unakoyahitaji bila kujali kwamba yalitoka kwenye goti la ng'ombe. Jelatini peke yake pia si protini kamili, kwa kuwa imekosa asidi amino iitwayo triptofani, na madini ya chokaa ambayo watu hudhani yamejaa katika maji ya mifupa ni kidogo sana yakilinganishwa na yale ya kikombe cha maziwa au sahani ya dagaa. Supu ya mifupa ni tamu, hutuliza na hurudishia mwili maji na chumvi, na hizo ni sifa tosha. Lakini kwa mtoto anayekua inapaswa kuandamana na maharage, nyama yenyewe, yai au maziwa. Mwenye ugonjwa wa jongo, ambao ni maumivu ya viungo yanayotokana na wingi wa asidi ya yuriki katika damu, ana sababu ya kujizuia, kwa kuwa nyama za ndani na maji yake mazito hubeba purini, kemikali ambazo mwili huzigeuza kuwa asidi hiyo hiyo.

Supu inayoliondoa tatizo lile la upungufu wa protini bila kelele ni mtori, chakula cha Wachagga wa Kilimanjaro ambacho siku hizi kimeenea hadi hoteli za miji mikubwa. Mtori ni ndizi mbichi na nyama vilivyopikwa pamoja na kupondwa hadi kuwa uji mzito, na ndizi inayopendelewa ni mshare, ndizi ya kupika ambayo huvurugika kwa urahisi bila kuacha mabonge. Familia ya watu sita hutosheka na kilo moja ya nyama yenye mifupa, hasa mbavu au kidari, ndizi kumi na mbili hadi kumi na tano, kitunguu kikubwa, karoti mbili na lita tatu za maji. Nyama hutangulia peke yake kwa moto mdogo hadi iwe laini, jambo linaloweza kuchukua saa mbili, na wakati huo ndizi humenywa kwa mikono iliyopakwa mafuta, kwa sababu utomvu wake hunata vidoleni na kuacha weusi usiotoka kwa sabuni, kisha hutumbukizwa katika maji ili zisigeuke rangi. Ndizi iliyoanza kuiva hutengwa, kwa kuwa wanga wake, yaani ile sehemu ya ungaunga inayoupa mtori uzito, umeanza kugeuka sukari, na mtori wake huwa na utamu unaogombana na chumvi.

Nyama ikiiva hutolewa, ndizi, kitunguu na karoti huchemshwa katika supu ile ile hadi ziwe laini kabisa, na hapo ndipo kazi ya mkono huanza. Baadhi hutumia mwiko na kusukasuka kwenye ukuta wa sufuria. Wengine hutumia upekecho, kijiti chenye kichwa cha vidole vidole ambacho huzungushwa kati ya viganja viwili kama mtu anayeota moto, na ambacho hutoa ulaini kuliko mwiko bila kuugeuza mtori kuwa gundi, kama inavyotokea kwa mashine ya umeme inayozungushwa kupita kiasi. Supu hupunguzwa kabla ya kuponda na kurudishwa kidogo kidogo, maana ni rahisi kulainisha mtori mzito na ni vigumu kuuokoa uliozidi maji. Nyama huchambuliwa nyuzi nyuzi na kurudishwa, na kijiko cha siagi au kikombe cha maziwa humalizia. Mtori uliopikwa vizuri hushuka kutoka kwenye upawa kwa mkanda mpana usiokatika.

Kwa desturi chakula hiki ndicho hupewa mzazi, yaani mama aliyejifungua, katika siku zake za mwanzo. Huaminika kwamba huongeza maziwa. Lililo wazi zaidi ni kwamba humpa maji, wanga na nyama katika chakula kimoja ambacho hakimtaki kutafuna wala kukaa mezani. Sifa hizo hizo humfaa babu asiye na meno, mgonjwa anayepata nafuu na mtoto aliyeanza kula, kwa hiyo mtori ni miongoni mwa supu chache ambazo nyumba nzima huweza kunywa kutoka sufuria moja, mradi pilipili iwekwe pembeni.

Nyama si sharti. Kipupwe katika Nyanda za Juu Kusini huja baada ya mvua zinazonyesha kuanzia Novemba hadi Mei, kwa hiyo maharage mapya yapo ghalani na viazi mviringo havina bei ya kutisha, na kutokana na viwili hivyo hupatikana supu ambayo haina haja ya kuomba radhi. Maharage hulowekwa usiku kucha, maji ya kulowekea humwagwa, na maharage huchemshwa kwa moto mkali angalau dakika kumi kabla ya moto kupunguzwa. Maharage, hasa mekundu, yana lektini, protini ambayo isipovunjwa na joto la kuchemka husababisha kutapika na kuhara. Kuyaweka tangu mwanzo juu ya moto hafifu usiofikisha kuchemka, kwa nia njema ya kuokoa mkaa, huiacha lektini hiyo bila kuguswa. Yakishaiva, nusu yake hupondwa ili supu iwe nzito na nusu huachwa nzima, viazi na karoti huingia, na mboga ya majani kama mchicha au sukuma wiki hukatwa nyembamba na kutiwa dakika tano za mwisho, kwa kuwa vitamini C haivumilii moto wa muda mrefu. Uholanzi, ambako baridi humpita Mmakete kwa mbali, supu ya jamii hii hupikwa kwa njegere kavu na nyama ya nguruwe, huitwa snert, na husemwa kuwa imekuwa sawasawa pale kijiko kinaposimama wima ndani yake; mtori wa Machame au Marangu haungeshindwa mtihani huo.

Wamaasai nao hutia katika supu zao za nyama magome na mizizi, likiwemo gome la mgunga waliitalo olkiloriti, ambalo huipa supu uchungu na rangi nyekundu. Ladha hiyo hujifunzwa.

Viungo vya vidonge na vya unga vinavyouzwa madukani huhitaji neno moja tu: sehemu kubwa ya vilivyomo ni chumvi. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni sawa na kijiko kimoja cha chai, na familia inayotia vidonge viwili kisha ikakoleza kwa chumvi ya kawaida huweza kuukaribia mpaka huo kwa bakuli za jioni peke yake. Supu iliyokaa motoni saa nne haina uhitaji huo. Anayetegemea kidonge mara nyingi ni yule aliyeanza kupika saa moja kabla ya kula.

Saa nne za moto, hata hivyo, ni mkaa au gesi, na gharama hiyo haifai kupuuzwa. Njia ya zamani ya kuipunguza ni kikapu kikubwa kilichojazwa vitambaa, nyasi kavu au blanketi kuukuu, ambamo sufuria iliyochemka sawasawa huzikwa ikiwa imefunikwa, nayo huendelea kujiivisha kwa joto lake yenyewe. Huwafaa zaidi wenye maharage yaliyokwisha kuchemka kwa nguvu na nyama iliyokaribia kuiva. Hatari kubwa ya kipupwe iko kwingine. Jiko la mkaa lililotumika kupikia supu huonekana zawadi usiku wa baridi, na familia hushawishika kulihamishia chumba cha kulala na kufunga madirisha. Makaa hayo mekundu, ingawa hayatoi moshi, hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu na kumuua mtu usingizini. Jiko huzimwa na kubaki nje. Wanaotaka joto hujifunika.

Baridi hudanganya pia kuhusu kuhifadhi. Kwa kuwa usiku wa Njombe huweza kushuka chini ya nyuzi 10, huonekana kwamba sufuria iliyoachwa jikoni iko salama kama iliyo kwenye friji, lakini lita tano za supu nzito iliyofunikwa hukaa na uvuguvugu kwa saa nyingi, na uvuguvugu wa kati ya nyuzi 60 na nyuzi 5 ndio vijidudu vinaoupenda, vikiwemo vile ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Supu inayobaki hugawanywa katika vyombo vidogo visivyo na kina, huachwa ipoe bila kukaa nje zaidi ya saa mbili, na huwekwa katika friji. Pasipo friji ni heri kupika ya kutosha jioni moja kuliko kuitunza. Kesho yake makongoro hukutwa yameganda, na tabaka la mafuta meupe juu yake huondolewa kwa kijiko na kuwekwa akiba ya kukaangia. Mtori huwa umekaza kama ugali laini, kwa sababu wanga uliopoa hujifunga upya, hivyo huongezwa maji ya moto na kukorogwa kutoka chini bila kupumzika, maana hushika sufuria upesi, hadi uchemke wote katikati na si pembeni tu. Zikitoka bakuli za asubuhi hiyo, kinachobaki chini ya sufuria ni mifupa, na swali la nani atapewa ule wenye uboho, ule unaogongwa ukingoni mwa bakuli mpaka mafuta yake matamu yadondoke, huwa limekwisha kuamuliwa na watoto tangu usiku.